Kibanja cha Bibi na Watu wa Maabara

Mwaka 2012 nilikuwa darasa la sita. Ndio mwaka wilaya ya Kyerwa ilipozaliwa kutoka ubavuni mwa Karagwe, na pale Nkwenda watu wazima walizungumza habari za ofisi mpya na barabara kutwa nzima. Nyumbani kwetu hapakuwa na mazungumzo hayo. Ndio mwaka kibanja cha bibi kilipong'olewa.

Ndugu msomaji, kama wewe si mtu wa huku Kagera, labda neno kibanja hulijui. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba pamoja na migomba inayoizunguka, na mibuni chini ya migomba, na maharage chini ya mibuni, na makaburi ya wazee humo humo. Mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unamwonyesha kibanja. Bibi alikuwa na mashina mia moja na kitu: Enchoncho na Entobe za kupika, Embire ya kutengenezea rubisi, na ndizi tamu chache za sisi wajukuu. Sare yangu ya shule ilitoka humo. Lori likija siku ya soko na mikungu ikapakiwa, ndipo daftari zinanunuliwa.

Ugonjwa ulianza kwa mgomba mmoja upande wa bondeni. Majani yaligeuka njano, yakalegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mkungu ukaiva kabla ya siku zake, lakini ukiikata ndizi, ndani ni kahawia tupu, hailiki. Bibi akaukata mgomba ule kwa mundu, na kwenye jeraha pakatoka utomvu wa njano kama usaha. Akaufuta mundu kwa jani, akaenda kupunguza majani mgomba wa pili, na wa tatu, na wa nne. Angejuaje? Miezi michache baadaye migomba kumi na mitano ilikuwa imenyauka.

Basi wakaja wageni pamoja na vijana wenye majembe. Amri ilikuwa moja: shina lenye mgonjwa ling'olewe lote, mama na watoto wake, vikatwe vipande, vizikwe. Na kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetawanyika, baadhi ya mashina mazima ya jirani nayo yakapitiwa. Bibi alikaa kizingitini, kanga begani, akawatazama. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Kwani mtoto mmoja akiugua surua, mnazika nyumba nzima?"

Vijana wakacheka. Mmoja akamjibu, "Bibi, hii ni sayansi."

Jibu lile limekaa rohoni mwangu miaka yote hii. Nilimaliza sekondari, sikuendelea, na sasa ninaandika riwaya kwenye kaunta buku usiku usiku. Lakini kabla ya kumwandika bibi ndani ya riwaya nilitaka kwanza kujua: sayansi ile ilitoka wapi? Ilikuwa inajua nini, na nini ilikuwa bado haijakijua? Nimesoma nilichoweza kukipata. Hii ndiyo historia yenyewe, kwa kadiri nilivyoielewa.

Mwili mmoja uliokatwa vipande

Tuanze na mgomba wenyewe. Mgomba si mwenyeji wa Afrika. Ndugu zake wa mwituni wako Asia ya kusini-mashariki na visiwa vya huko, hadi New Guinea. Uliletwa Afrika zamani sana, na uliletwa kwa mikono ya watu. Nasema mikono kwa sababu ndizi tunazokula hazina mbegu. Haziwezi kubebwa na ndege wala upepo. Kila mgomba ulioko Karagwe leo, kuna mtu aliuchimba mahali akiwa chipukizi, akamtwika begani, akampanda.

Sababu ya kukosa mbegu iko ndani ya seli. Tulifundishwa kwamba seli ni kijumba kidogo kisichoonekana bila hadubini, na ndani yake mna kromosomu zilizobeba jeni, yaani maagizo ya urithi. Mgomba wa mwitu una kromosomu 22, seti mbili za kumi na moja, moja ya baba na moja ya mama. Ndizi zetu za kupika za nyanda za juu za Afrika Mashariki zina kromosomu 33, seti tatu. Wakati wa kutengeneza mbegu seti zinatakiwa zigawanyike sawasawa, na seti tatu hazigawanyiki kwa wawili. Ni kama kurithisha mbuzi watatu kwa watoto wawili: lazima patokee ugomvi. Kwa hiyo mgomba wetu unazaa tunda tu. Mbegu ni nadra mno. Uzao wake ni chipukizi, na chipukizi ni kipande cha mama yake, hakuna damu mpya iliyoingia.

Mwaka ule ule wa 2012, wakati bibi amekaa kizingitini, wanasayansi walioongozwa na Angélique D'Hont wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Nature mpangilio wa DNA ya mgomba, wakahesabu jeni zaidi ya 36,000. Na mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Mercy Kitavi wakatangaza matokeo ya kupima DNA za ndizi za nyanda zetu za juu. Matokeo yalikuwa ya kushangaza: aina hizi zote, ambazo wakulima wamezipa majina kwa makumi na makumi, kwa DNA karibu hazitofautiani. Zinaelekea kuwa zimetoka kwa mzazi mmoja tu.

Hebu fikiri, msomaji. Enchoncho na Entobe, ambazo bibi huzitofautisha kwa kulipapasa shina gizani, ni mwili mmoja uliokatwa vipande kwa mamia ya miaka na kugawiwa kutoka mkono hadi mkono. Wakulima wamechagua mabadiliko madogo madogo, huyu mfupi, yule mchungu, na kazi hiyo si ndogo. Lakini mbele ya ugonjwa, wote ni ndugu wa tumbo moja. Anayempata mmoja amewapata wote.

Mgeni kutoka Uhabeshi

Ugonjwa wenyewe nao una historia. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Yirgou na Bradbury, waliandika habari za bakteria aliyekuwa akiua enseti nchini Ethiopia. Enseti ni jamaa wa mgomba. Watu wa kule hawali tunda lake, wanakula shina na kiazi chake. Mwaka 1974 wakaripoti kuwa bakteria huyo huyo amepatikana kwenye migomba ya huko. Kisha miaka mingi ikapita, ulimwengu ukasahau. Ulikuwa ugonjwa wa Wahabeshi.

Mwaka 2001 ukaonekana Uganda, katika sehemu za Mukono. Ukaonekana Kongo ya mashariki, huko Masisi. Mwaka 2005 ukaripotiwa Rwanda. Mwaka 2006 ikathibitishwa kuwa umefika mkoa wa Kagera, wilaya ya Muleba, na mwaka huo huo Kenya. Burundi ikafuata mwaka 2010. Kwa muda usiotimia miaka kumi ulikuwa umezunguka Ziwa Viktoria na maziwa mengine yote ya huku kama mchuuzi wa dagaa.

Sisi wa Kyerwa tuko kwenye kona. Magharibi ni Mto Kagera na ng'ambo yake Rwanda. Kaskazini, ukishavuka Murongo, ni Uganda. Nakumbuka watu walivyokuwa wakibishana kwenye vilabu vya rubisi. Wengine waliapa kuwa ugonjwa umetoka Rwanda, wengine Uganda, kila mmoja akimsingizia jirani asiyempenda.

Kumbe kesi hiyo ilikuwa inasikilizwa maabara. Bakteria naye ana DNA, na kila anapojigawa, mara moja moja herufi ya DNA hukosewa kunakiliwa. Kosa hilo hurithiwa. Ukilinganisha makosa ya bakteria wa sehemu mbalimbali unaweza kujua nani ni ndugu wa nani, kama vile unavyoweza kujua wanafunzi waliotazamiana kwenye mtihani kwa kuona makosa yao yanafanana. Mwaka 2012, tena mwaka ule ule, Arthur Wasukira na wenzake, akiwemo David Studholme wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha kazi ya namna hiyo. Waliona koo mbili. Ukoo mmoja una bakteria wa Ethiopia, Kongo na Rwanda. Wa pili una bakteria wa Uganda, Kenya, Burundi na Tanzania.

Kwa hiyo sampuli za Tanzania zilizopimwa zilikuwa na undugu na za Uganda, si za Rwanda. DNA haisemi nani alimbeba, wala haimshitaki mtu. Inatoa ukoo, basi. Lakini kwangu mimi mpenda historia hilo ni jambo kubwa. Wazee wetu waliandika kwa midomo, wamisionari wakaandika kwa kalamu, na huyu mdudu asiyeonekana amejiandikia safari yake mwenyewe ndani ya mwili wake.

Mwaka 2020 wanasayansi wakambadilishia jina hata cheo chake. Alikuwa akiitwa Xanthomonas campestris, lakini DNA ilionyesha kuwa kundi lake halisi ni Xanthomonas vasicola, lenye ndugu wanaoshambulia mahindi, mtama na miwa. Hata maabara nao hukosea ukoo wa mtu, kisha wakajirekebisha.

Anauaje? Anaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ua dume, lile pumba jekundu linaloning'inia chini ya mkungu. Nyuki na wadudu wengine wanaofuata asali yake huacha bakteria kwenye vidonda vidogo vya ua. Njia ya pili ni sisi wenyewe: mundu, panga, jembe, na chipukizi anayehamishwa akiwa mgonjwa wa ndani. Akishaingia anakaa kwenye mirija inayopandisha maji. Anazaana, anatoa ute, mirija inaziba, na mgomba unakufa kwa kiu huku mvua inanyesha.

Pilipili hoho ndani ya mgomba

Sasa tuingie maabara. Mkoa wetu haukuwa mgeni kabisa wa mambo haya. Tuna kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa KCDP, uliosaidiwa na Ubelgiji, ulileta Kagera makumi ya maelfu ya miche iliyokuzwa ndani ya chupa katika Chuo Kikuu cha Leuven. Huko Leuven tangu 1985 kuna hazina ya dunia ya migomba, aina zaidi ya 1,500, kila moja ni kijimche ndani ya kichupa. Humo ndimo zilimotoka zile FHIA zilizozalishwa Honduras, ambazo wengi wetu tumezipanda. FHIA-17 na FHIA-23 zina kromosomu 44, seti nne. Zilisaidia sana dhidi ya magonjwa ya majani. Lakini mnyauko huu wa bakteria ulipokuja, nazo zilinyauka. Hakuna ndizi tunayolima iliyoonekana kuwa na kinga kamili. Mwenye kinga ni mgomba wa mwitu, Musa balbisiana, ambao tunda lake limejaa mbegu ngumu kama kokoto.

Kumzalisha mgomba usio na mbegu ni kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana watafiti wengine walikwenda njia ya jeni. Huyu ni Leena Tripathi, wa taasisi ya IITA, pamoja na wenzake wa shirika la utafiti la Uganda, NARO, kituo cha Kawanda, ambako Wilberforce Tushemereirwe alikuwa ameshughulika na mnyauko tangu ulipoingia. Walipata jeni mbili za pilipili hoho kutoka Academia Sinica ya Taiwan, kupitia shirika la AATF la Nairobi, bila kudaiwa malipo ya haki.

Kwa nini hoho? Mmea hauna damu wala askari wa kuzunguka mwilini. Kila seli inajilinda yenyewe. Njia mojawapo ni hii: seli iliyovamiwa ikigundua adui, inajiua, na majirani zake wachache wanakufa nayo, adui anakosa chakula na njia. Ni kama tunavyofanya milimani wakati wa kiangazi: tunachoma mapema ukanda wa nyasi ili moto mkubwa ukifika ukute majivu. Jeni zile za hoho zinaufanya mgomba uharakishe kujichomea ukanda huo.

Ili kuziingiza, walihitaji seli changa zinazoweza kukua zikawa mgomba mzima. Unajua seli hizo hupatikana wapi? Kwenye vijiua vichanga vya ndani ya ua dume! Pumba lile lile ambalo bwana shamba anatuambia tulivunje, maana ndilo mlango wa ugonjwa, ndilo maabara wanalotafutia mlango wa dawa. Seli hizo hukuzwa ndani ya maji yenye chakula, kisha jeni hupelekwa na bakteria mwingine, Agrobakteria wa udongoni, ambaye kwa tabia yake ya asili huingiza kipande cha DNA ndani ya mimea. Mtumwa wa kazi naye ni bakteria. Dawa ya moto ni moto.

Matokeo ya maabara yalichapishwa 2010. Oktoba mwaka huo migomba ya namna 65, kila namna imetokana na seli yake, ilipandwa Kawanda, ndani ya uzio. Ikaambukizwa bakteria kwa makusudi. Mwaka 2014 wakatangaza katika Nature Biotechnology: migomba ya kawaida ilinyauka, lakini kati ya zile 65, kumi na kitu hazikunyauka kabisa, mama wala chipukizi waliomfuata.

Fikiri. Oktoba 2010. Miaka miwili kabla ya majembe kufika kwa bibi, kilomita mia kadhaa tu kutoka Nkwenda, kulikuwa na migomba iliyosimama imekunywa sumu na haifi.

Baadaye wakaja na ufundi mwingine usiohitaji jeni ya mmea mwingine: mkasi wa CRISPR, unaokata DNA mahali palipochaguliwa. Mwaka 2021 kundi hilo la Tripathi, safari hii Nairobi, lilieleza jinsi walivyoivunja jeni iitwayo DMR6. Jeni hiyo kazi yake ni kama komeo: inauzuia mgomba kutoa kinga yake yote. Komeo likivunjwa, mgomba unajilinda vizuri zaidi. Hakuna cha hoho hapo. Ni mgomba uliofunguliwa mikono.

Uzio

Utaniuliza, basi iko wapi migomba hiyo? Iko ndani ya uzio. Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya usalama wa bioteknolojia mwaka 2017, Rais Museveni akakataa kuitia sahihi. Ikarudi bungeni, ikapitishwa tena 2018, akaikataa tena. Kwetu Tanzania majaribio ya mahindi ya jeni yaliyokuwa Makutupora, Dodoma, yaliamriwa kusitishwa na kuteketezwa Novemba 2018, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kufuta majaribio ya mbegu za namna hiyo.

Sitaki kujifanya hakimu hapa. Wapo wanaoogopa, na hofu yao ina mizizi. Mkulima aliyewahi kuuziwa mbegu feki hana sababu ya kumwamini kila anayekuja na koti jeupe. Wanaogopa kesho chipukizi atakuwa na mwenyewe mjini, na kibanja kitalipiwa kodi kwa kampuni. Watafiti nao wanajibu kuwa mgomba usio na mbegu hauwezi kusambaza jeni ovyo kama mahindi, na kwamba jeni zile zilitolewa bure. Mjadala huo ni wa kweli, unastahili kufanywa kwa sauti. Linaloniuma ni kwamba unafanyika Kampala na Dodoma, wenye migomba hawapo.

Swali la bibi lilivyojibiwa

Lakini historia haikuishia kwenye uzio, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Wakati wengine wanashughulika na jeni, wengine walikuwa wakiuliza swali la kawaida sana: hivi bakteria akiingia kwenye mgomba mmoja wa shina, anafika kweli kwa ndugu zake wote? Watafiti wa Bioversity International, kama Guy Blomme na Walter Ocimati, pamoja na wenzao wa Uganda na Kongo, walikwenda kuangalia. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unachimba shina, unakata kiazi na machipukizi vipande vipande, unavipanda kwenye visahani vyenye chakula cha bakteria, unasubiri. Bakteria huyu akiwepo anaota utando wa njano wenye ute. Asipokuwepo, sahani inabaki safi.

Sahani nyingi zilibaki safi. Wakaona kwamba ugonjwa hausambai shina zima kwa mara moja. Mara nyingi mgomba mmoja unakufa, na machipukizi kadhaa yaliyoshikamana naye yanabaki mazima, na hata baadhi ya yale yenye bakteria ndani hayaugui. Ndipo wakaanza kujaribu mashambani, Kivu ya Kusini na kwingineko: usiling'oe shina zima. Mkate mgonjwa peke yake, chini kabisa usawa wa ardhi, mara tu dalili inapoonekana. Choma mundu kwenye moto, au uoshe kwa Jik, kabla hujagusa mgomba mwingine. Vunja ua dume kwa mti wenye panda, usitumie kisu, mara chane ya mwisho inapotoka. Usipande chipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa. Rudia kila wiki bila kuchoka. Kibanja kikifanyiwa hivyo, ugonjwa hushuka miezi kwa miezi mpaka unakuwa kitu kidogo, na familia inaendelea kula. Pale ambapo karibu kila shina limeugua, kung'oa na kupumzisha ardhi bado ni ushauri wa haki. Lakini kwa kibanja chenye wagonjwa wachache, jembe halikuwa lazima.

Kwani mtoto mmoja akiugua surua, mnazika nyumba nzima?

Mwanakijiji asiyejua kusoma aliuliza mwaka 2012, na jibu la sahani za maabara ni: hapana, bibi, si lazima. Siwalaumu wale vijana. Ushauri wa kung'oa ulikuwa ndio ujuzi uliokuwepo, na ulitolewa kwa nia njema nchi zote za huku. Kosa lilikuwa kwenye lile jibu. Waliposema "hii ni sayansi" walimaanisha "nyamaza". Kumbe sayansi ni kinyume chake. Sayansi ingemwambia: bibi, swali lako ni zuri, hatujalipima bado, ngoja tulipime.

Ujuzi huo mpya ulifika kwetu miaka mingi baadaye, kwa miguu, kupitia kwa bwana shamba kijana mwenye pikipiki bovu. Alimfundisha baba mdogo, naye akatufundisha sisi. Sasa kila Jumamosi kuna moto mdogo kando ya kibanja na mundu unaokaa ndani yake. Mti wa panda umeegemezwa ukutani. Tulianza tena na machipukizi ya kutoka kwa shemeji yetu wa Nyaishozi, shamba safi. Hatujafika mia moja, lakini jikoni ndizi zipo. Embire haikurudi. Aina ile bibi alikuwa ameipokea kutoka kwa mama mkwe wake, na alikuwa peke yake nayo kijijini. Mgomba ukipotea bila chipukizi umepotea, hauna mbegu ya kusubiri mvua.

Nawaambia vijana wenzangu, hasa mnaokimbia Biolojia kwa kuwa ina majina magumu: historia ya nyumba zenu iko humo pia. Iko kwenye kromosomu 33, kwenye herufi zilizokosewa za bakteria, kwenye sahani iliyobaki safi. Na nyinyi mnaobahatika kuingia maabara, mkirudi likizo kaeni kizingitini msikilize.

Mwezi uliopita nilimsomea bibi insha hii jioni, nikiigeuza Kinyambo sentensi kwa sentensi. Alikuwa anatafuna kahawa. Pale kwenye seli zinazojiua aliniomba nirudie. Nilipomaliza alinyamaza, kisha akauliza, "Hao watu wa maabara, nao wana vibanja?"

Nikasema wengine bila shaka wanavyo, maana Kawanda na Maruku wamejaa watoto wa wakulima.

"Basi mwandikie mmoja," akasema, "umuulize kama ndani ya vile vichupa vyao kuna Embire."

Barua nimeiandika.